Pamba ya Simiyu, wahandisi wa Mlimani na hesabu ya mkulima

Mashine bila menejimenti ni chuma chakavu. Wakulima na wafanyabiashara wadogo wa Bariadi na wilaya jirani wanaweza kupata nini kutoka idara za uhandisi za vyuo vikuu?

KILA msimu wa ununuzi unapofunguliwa, kwa kawaida mwezi Mei, malori yaliyosheheni pamba huanza kupishana katika barabara za Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega yakielekea kwenye viwanda vya kuchambulia. Miezi michache baadaye malori mengine hutoka viwandani humo na marobota ya nyuzi, na sehemu kubwa ya marobota hayo huishia bandarini Dar es Salaam tayari kwa safari ya kwenda nje ya nchi. Kinachobaki mkoani ni fedha ya mauzo, mbegu za kukamulia mafuta na mashudu ya ng'ombe.

Katika jiji hilo hilo la Dar es Salaam, juu ya kilima cha Mlimani, kuna vijana wanaokaa darasani miaka minne wakijifunza namna ya kuigeuza pamba hiyo kuwa uzi, kitambaa na nguo. Ni wanafunzi wa shahada ya uhandisi wa nguo na wenzao wa ubunifu na teknolojia ya nguo, masomo yanayotolewa na Idara ya Uhandisi Mitambo na Viwanda ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Masomo hayo yalianzishwa wakati Bodi ya Pamba na asasi ya Gatsby, iliyochangia kuyaanzisha, zilipokuwa zikitekeleza mpango wa kuinua zao la pamba katika Kanda ya Ziwa.

Kwa mkulima wa Nkololo au Dutwa, habari ya shahada mpya inaweza kuonekana kuwa ya mbali. Hata hivyo, mkoa wa Simiyu, uliozaliwa rasmi mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga na Mwanza, ndio unaoongoza kwa uzalishaji wa pamba nchini. Kama elimu ya uhandisi wa nguo haitamfaa mkulima wa huko, ni vigumu kusema itamfaa nani.

Safari ya nusu karne

Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1973 kwa msaada mkubwa wa Ujerumani Magharibi ya wakati ule. Mwaka huo huo ndipo Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO) lilipoanzishwa. Taifa lilihitaji watu wa kujenga na kuendesha viwanda, na wakati huo huo lilihitaji viwanda vidogo vijijini.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kitivo kikapata mkono mwingine, Taasisi ya Ubunifu wa Uzalishaji, iliyojulikana zaidi kwa kifupi chake cha IPI. Kazi yake ilikuwa kubuni mashine, kutengeneza za mfano, kuzijaribu na kisha kuwapa watengenezaji wadogo michoro na ujuzi ili wazitengeneze kwa biashara. Mwaka 1990 ilianzishwa BICO, ofisi ya ushirikiano na viwanda, ambayo huuza ushauri wa kitaalamu na kuendesha kozi fupi kwa watu walioko kazini. Katika mageuzi ya mwaka 2001, IPI iliingizwa katika kituo kipya cha kuendeleza na kuhawilisha teknolojia, na kitivo chenyewe kikaanza safari ya kuwa Ndaki ya Uhandisi na Teknolojia, yaani CoET.

Jambo moja katika historia hiyo linastahili kuangaliwa kwa makini. Wahandisi hao waligundua mapema kwamba kubuni mashine nzuri ni nusu tu ya kazi. Mashine iliyofanya vizuri karakanani Mlimani iliweza kufika kijijini na kusimama baada ya msimu mmoja, kwa sababu hakukuwa na vipuri, hakukuwa na mtu wa kuandika mapato na matumizi, au malighafi iliisha mapema kuliko ilivyodhaniwa. Ndiyo maana leo mafunzo ya uhandisi wa viwanda yanakwenda sambamba na menejimenti: kupanga kazi, kupima ubora, kutunza mitambo na kukokotoa gharama. Mhandisi wa viwanda anafundishwa kuuliza maswali ambayo mwenye duka la rejareja huyauliza kila siku: bidhaa imekaa muda gani, imegharimu kiasi gani, na nani anaisubiri?

Ndani ya kilo mia moja

Mkulima anapofikisha kilo 100 za pamba kwenye mizani ya AMCOS, anachouza kwa lugha ya wataalamu ni pamba mbegu, yaani nyuzi na mbegu zikiwa bado zimeshikana. Kiwanda kikishachambua, hupata takriban kilo 35 za nyuzi, kilo 60 au zaidi kidogo za mbegu, na kinachobaki ni vumbi, majani na upotevu. Fedha ya kigeni iko zaidi kwenye zile kilo 35.

Asilimia hiyo ya nyuzi haibadiliki kwa bahati. Inategemea aina ya mbegu iliyopandwa, na ndiyo maana watafiti wa Ukiriguru, kituo ambacho sasa kiko chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo (TARI), wamekuwa wakiipima katika kila aina mpya, tangu UK91 iliyotawala mashambani kwa miaka mingi hadi UKM08. Inategemea pia mashine. Ziko mashine za rola, ambazo huvuta nyuzi taratibu na kuzilinda zisikatike, na ziko za misumeno, ambazo hufanya kazi kwa kasi kubwa lakini huweza kufupisha nyuzi zisiporekebishwa vizuri.

Tuchukue mfano wa tani moja. Kwa asilimia 35 inatoa kilo 350 za nyuzi. Kwa asilimia 38 inatoa kilo 380. Tofauti ni kilo 30 kwa kila tani, bila kuongeza hata hatua moja ya shamba wala siku moja ya palizi. Kwa kiwanda kinachochambua tani elfu kadhaa kwa msimu, hiyo ni tofauti kati ya kufunga mahesabu kwa faida na kuyafunga kwa hasara, na mnunuzi mwenye faida ndiye anayeweza kupandisha bei.

Mkulima anayetaka kuelewa bei anayolipwa hana budi kuielewa hesabu hii. Msimu wa 2019 bei iliyotangazwa ilikuwa Sh1,200 kwa kilo. Wakati huo mvutano wa kibiashara kati ya Marekani na China uliishusha bei ya nyuzi katika soko la dunia hadi chini ya senti 65 za Dola kwa ratili. Ratili moja ni karibu gramu 454, hivyo senti 65 kwa ratili ni takriban Dola 1.43 kwa kilo. Zidisha kwa kilo 350, unapata kama Dola 500. Kwa kiwango cha kubadilisha fedha cha wakati ule, cha karibu Sh2,300 kwa Dola, hiyo ni takriban Sh1,150,000.

Mkulima wa tani hiyo hiyo alitakiwa kulipwa Sh1,200,000. Kwa maneno mengine, nyuzi peke yake hazikutosha hata kumlipa mkulima, na mbegu zilitakiwa kubeba pengo hilo pamoja na usafiri, uchambuaji, tozo na riba ya benki. Haishangazi kwamba wanunuzi wengi walisita na kwamba wakulima wengi walikaa miezi wakisubiri malipo yao. Bei iliyopangwa kwa nia njema iligongana na hesabu ya soko, na aliyeumia ni yule aliyekuwa ameshatoa pamba yake ghalani. Miaka mitatu baadaye soko la dunia lilipopanda, msimu wa 2022 ulifunguliwa kwa Sh1,560, kisha ukafuata wa 2023 kwa Sh1,060. Mkulima anayejua kanuni hii ya ratili na asilimia 35 anaweza kukisia upepo unaelekea wapi kabla ya mtu yeyote kumtangazia.

Uzi mmoja wa kiroba

Katika kiwanda cha nguo, adui mkubwa wa pamba ya Kanda ya Ziwa anaweza kuwa kitu ambacho mkulima hakioni hata kidogo: uzi wa kiroba. Mifuko ya plastiki iliyosokotwa, ambayo wengi huitumia kubebea pamba kutoka shambani, huachia nyuzi nyembamba zinazochanganyika na pamba. Nyuzi hizo hupita kwenye mashine ya kuchambua, hupita kwenye kusokota, na huonekana mwishoni kabisa kitambaa kinapotiwa rangi, kwa sababu plastiki haishiki rangi kama pamba. Kitambaa kizima hubaki na michirizi, na mnunuzi hukikataa.

Msokotaji aliyepata hasara ya namna hiyo hamfahamu mkulima wa Ngulyati. Anachokumbuka ni jina la nchi iliyoandikwa kwenye robota, na msimu unaofuata hupunguza bei kwa marobota yote ya nchi hiyo. Pamba ya Tanzania huchumwa kwa mkono, jambo ambalo kwa haki lingeipa heshima mbele ya ile inayovunwa kwa mashine, lakini heshima hiyo hupotea kwa sababu ya mifuko, mchanga na maji.

Tatizo la maji nalo lina hesabu yake. Anayemwagia pamba maji ili iongeze uzito hupata shilingi chache mizanini, lakini pamba iliyolowa hupata joto ghalani, hugeuka rangi kuwa ya njano na mbegu zake hupoteza uwezo wa kuota. Kwa kuwa sehemu ya mbegu hizo hurudi mashambani msimu unaofuata, mdanganyifu na jirani yake wote hupanda mara mbili.

Dawa ya mambo haya haihitaji mtambo wa mamilioni. Inahitaji shuka la pamba la kukusanyia, turubai safi la kuanikia, kutenganisha pamba nyeupe na chafu tangu shambani, na AMCOS yenye uwezo wa kukataa mzigo mbaya bila kuangalia sura ya mwenye mzigo. Wilayani Meatu, mradi wa pamba hai wa bioRe ulioanza mwaka 1994 umeonyesha kwamba wakulima wa kawaida wanaweza kufuata masharti makali ya kumbukumbu na usafi endapo mnunuzi ana mkataba nao na kuna nyongeza ya bei inayoonekana. Hiyo ni menejimenti ya ubora kwa lugha ya chuo kikuu. Kijijini inaitwa uaminifu unaolipwa.

Mafuta: alizeti ndiyo, pamba kwa tahadhari

Baada ya nyuzi, wafanyabiashara wadogo wengi wa Bariadi huangalia mbegu. Wazo la kununua mashine ndogo ya kukamua mafuta linavutia, kwa sababu mafuta ya kula hununuliwa kila siku na mashudu yanahitajika katika mkoa wenye ng'ombe wengi. Hapa ndipo ushauri wa mhandisi unapoweza kuokoa mtaji na hata afya ya walaji.

Mbegu ya pamba ina kemikali ya asili iitwayo gosipoli, ambayo ni kinga ya mmea dhidi ya wadudu. Mafuta ghafi ya pamba hutoka yakiwa meusi na yenye kemikali hiyo, na hayafai kuliwa mpaka yasafishwe kiwandani kwa kostiki soda. Kuchuja kwa kitambaa hakutoshi. Mashudu ya pamba nayo ni chakula kizuri kwa ng'ombe wakubwa kwa kiasi, lakini yanaweza kuwadhuru ndama, nguruwe na kuku. Aidha, mbegu ya pamba ina ganda gumu na manyoya, hivyo huhitaji mashine yenye nguvu zaidi. Kwa mtaji mdogo, hii ni biashara ya kuiacha kwa wenye mitambo ya kusafishia.

Alizeti ni habari tofauti. Mafuta yake yanaweza kutulizwa na kuchujwa kwa vifaa vya kawaida, na mashudu yake hayana kizuizi hicho. Tanzania ina historia yake katika teknolojia hii: mwaka 1985 mjini Arusha, mhandisi Mmarekani Carl Bielenberg alibuni mashine ya kukamua kwa mkono yenye mtaimbo mrefu, ambayo baadaye ilisambaa katika nchi nyingi za Afrika. Ilifanikiwa kwa sababu ilitengenezeka katika karakana za kawaida za kuchomelea. Lakini hata yenyewe ilikuwa na sharti: ilihitaji alizeti yenye ganda laini na mafuta mengi. Mahali ambapo wakulima walikuwa na mbegu za kienyeji zenye ganda gumu, watu walitoka jasho bure. Mashine na mbegu ni mke na mume. Ukinunua mmoja bila kumwangalia mwenzake, nyumba haisimami.

Hesabu ya mashine ya kikundi

Tuseme kikundi cha watu 20 wilayani Maswa au Bariadi kinataka mashine ya kukamua alizeti inayoendeshwa kwa mota. Tarakimu zifuatazo ni za mfano tu. Kila kikundi kiweke bei halisi za mahali pake. Mashine, mota, kufungiwa umeme na banda vyote vinagharimu Sh9,000,000.

Gharama za mwaka ambazo hazikwepeki hata mashine ikilala ni hizi. Uchakavu, kwa makadirio kwamba mashine itadumu miaka sita, ni Sh1,500,000 kwa mwaka. Mlinzi, leseni na matengenezo ya banda, Sh1,200,000. Riba ya mkopo kwa asilimia 15 mwaka wa kwanza, Sh1,350,000. Jumla Sh4,050,000.

Mteja anayeleta gunia moja analipa Sh5,000. Umeme, vibarua na vipuri vinavyolika kwa gunia moja ni Sh2,300. Kila gunia basi linakiachia kikundi Sh2,700. Gawanya Sh4,050,000 kwa Sh2,700: jibu ni magunia 1,500. Chini ya hapo kikundi kinakula mtaji wake bila kujua.

Kama mashine inakamua magunia 10 kwa siku, magunia 1,500 ni kazi ya siku 150. Lakini alizeti huvunwa kwa msimu, na wakulima wengi huiuza mapema kulipia ada, matibabu na madeni. Kama mzigo unapatikana kwa siku 90 tu, mashine itakamua magunia 900 na kuingiza Sh2,430,000. Hasara ni Sh1,620,000, japo kila siku foleni ilikuwa ndefu na kila mtu kijijini aliamini kuwa kikundi kinatajirika.

Suluhisho la haraka ni kununua magunia 600 yaliyopungua na kuyahifadhi ili mashine ifanye kazi baada ya msimu. Kwa bei ya mfano ya Sh40,000 kwa gunia, hiyo ni Sh24,000,000. Fedha ya kulisha mashine ni zaidi ya mara mbili na nusu ya fedha ya kuinunua. Hapa ndipo vikundi vingi huanguka: mkopo ulioombwa ulikuwa wa chuma, na hakuna aliyeomba wa alizeti.

Iko njia ya pili isiyohitaji fedha hiyo. Wanachama na majirani wahifadhi magunia yao katika ghala la kikundi, kila mmoja akiwa na stakabadhi yake, na wayakamue kidogo kidogo kadiri wanavyohitaji mafuta au fedha. Mashine inapata kazi mwaka mzima bila kikundi kukopa. Lakini njia hii inadai ghala kavu lisilo na panya, mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo, daftari linaloandikwa kila siku na mtunza ghala asiyekuwa na shemeji wa kupendelea. Gharama yake ni nidhamu, na nidhamu haiuzwi dukani.

Mafunzo ya pawatila

Watanzania hawahitaji kwenda mbali kutafuta mfano wa mashine zilizotangulia hesabu. Baada ya kaulimbiu ya Kilimo Kwanza kuzinduliwa mwaka 2009, halmashauri nyingi zilipokea matrekta madogo ya mkono, maarufu kama pawatila. Mahali penye skimu za mpunga yalifanya kazi nzuri, kwa sababu yalibuniwa kwa ajili ya majaruba yenye maji. Lakini katika maeneo mengine yaliripotiwa kulala nje ya ofisi yakiota kutu.

Mkulima yeyote wa Usukumani angeweza kueleza sababu kama angeulizwa. Udongo wa luseni, wenye mchanga, ni mwepesi na hauhitaji nguvu kubwa. Udongo mweusi wa mbuga hupasuka na kuwa mgumu kama tofali wakati wa kiangazi, na mvua ikinyesha hunata kiasi cha kuizuia hata jozi ya maksai iliyoshiba. Pawatila ikiingia mbugani kabla ya mvua huruka juu juu. Ikiingia baada ya mvua kubwa huzama. Plau na maksai, pamoja na uzee wao, vina fundi katika kila kijiji na vipuri katika kila mnada.

Kwa hiyo kabla ya kununua mashine yoyote, awe ameiona kwenye maonyesho au kwa jirani, mnunuzi anapaswa kupata majibu ya maswali machache. Imewahi kufanya kazi katika udongo au zao kama lake kwa msimu mzima? Kipuri kinachoharibika haraka kinapatikana Bariadi au Mwanza, au lazima kiagizwe? Ni siku ngapi za kazi kwa mwaka, na nani ataleta mzigo? Nani atakuwa na ufunguo, na nani atakuwa na daftari? Kama mtu mmoja anashika vyote viwili, hilo nalo ni jibu.

Nguvu ya kongano

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina uzoefu mwingine ambao Simiyu inaweza kuuazima. Katikati ya miaka ya 2000, CoET, wakati huo ikiongozwa na Profesa Burton Mwamila, ilikuwa makao ya mpango wa Afrika Mashariki wa kuanzisha makongano bunifu, uliofadhiliwa na Sweden kupitia shirika lake la Sida. Wazo lake lilikuwa jepesi: wazalishaji wadogo wa bidhaa moja walioko sehemu moja wakae meza moja na watafiti na serikali, badala ya kila mmoja kuhangaika peke yake.

Kongano lililopata sifa zaidi ni la mwani Zanzibar, lililoanza mwaka 2006. Wakulima wa mwani, wengi wao wanawake, walikuwa wakiuza mwani mkavu kwa bei ndogo kwa wasafirishaji, sawa na anavyofanya mkulima wa pamba. Kwa kushirikiana na Dk Flower Msuya wa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya chuo hicho hicho, walijifunza kusaga mwani kuwa unga, kutengeneza sabuni na kujaribu njia za kulima katika maji yenye kina kirefu. Mwani ghafi uliendelea kuuzwa, lakini wakulima hawakuwa tena na mteja wa aina moja.

Simiyu si ngeni kwa fikra za namna hii. Katikati ya miaka ya 2010, mkoa ulipokuwa ukihimiza kila wilaya kuwa na bidhaa na kiwanda chake, vijana wa Maswa waliingia katika kutengeneza chaki na Meatu ikaingia katika kusindika maziwa. Chaki ina funzo moja muhimu: mnunuzi wake, yaani shule, alijulikana kabla ya bidhaa ya kwanza kutoka. Mkoa uliposhika uenyeji wa kitaifa wa Nanenane katika viwanja vya Nyakabindi mwaka 2018, 2019 na 2020, maelfu ya wakulima waliona mashine na mbegu ambazo zamani zilihitaji safari ya Morogoro au Mbeya kuziona. Kuona kulikuwa hatua ya kwanza.

Kongano la pamba Bariadi linaweza kuanza na watu ambao tayari wapo: mafundi wa kuchomelea wa mjini, AMCOS chache zilizo tayari kupima usafi, viwanda vya kuchambua, wakamuaji wa alizeti, cherehani za mafundi nguo na ofisi ya biashara ya halmashauri. SIDO inaweza kutoa mafunzo ya biashara. Bado mahali pa mhandisi, na hapo pana mlango ambao wengi hawaugongi.

Mwanafunzi wa uhandisi hutakiwa kufanya mafunzo kwa vitendo kwa wiki kadhaa kila mwisho wa mwaka wa masomo, na chuo hutafuta mahali pa kumpeleka. Viwanda vya Dar es Salaam hupata vijana hao kwa sababu viko karibu na huandika barua mapema. Kiwanda cha kuchambua pamba, chama cha ushirika au kikundi chenye mashine kinaweza nacho kuandika barua kikieleza tatizo mahsusi: foleni ya malori inachukua saa ngapi, mota inakula umeme kiasi gani kwa gunia, kwa nini beringi inakatika kila mwezi. Tatizo likielezwa hivyo linaweza pia kuwa mradi wa mwaka wa mwisho wa mwanafunzi, ukisimamiwa na mhadhiri wake. Mwenyeji atoe mahali pa kulala, mtu wa kumpokea na daftari lenye kumbukumbu za kweli. Bila daftari hilo hata profesa hataona kitu.

Kiwanda cha nguo hakitaota Bariadi kwa sababu tu pamba ipo. Kusokota na kufuma kunahitaji umeme usioyumba, maji mengi, mtaji wa muda mrefu na soko linaloweza kushindana na mitumba na vitambaa kutoka nje. Mkakati wa pamba hadi nguo uliozinduliwa mwaka 2016 ulizitambua changamoto hizo, na viwanda vya nguo vya Mwanza na Musoma vilivyodorora miaka ya 1990 ni ushahidi kwamba majengo na mitambo havitoshi. Wahandisi wa nguo wanaohitimu sasa ni sehemu ya jibu, na itachukua muda kwa jibu lote kukamilika.

Wakati huo huo msimu hausubiri. Shuka safi la kukusanyia pamba, hesabu ya magunia 1,500 kabla ya mkopo, stakabadhi ya ghala na barua moja kwa mkuu wa idara havihitaji mfadhili wala mgeni rasmi wa kukata utepe. Kikao cha AMCOS kabla ya msimu kufunguliwa kinatosha kuvianzisha, na wajumbe waje na kalamu.